Maswali Juu ya Akiba: Jinsi Watu wa Uingereza Wanavyoweka Fedha Zao

Kila mtu apataye mshahara, uwe wa mwezi au wa juma, hufikiwa na swali moja lililo gumu kuliko linavyoonekana: zile fedha chache zibakizo baada ya chakula, kodi ya nyumba na nauli, ziwekwe wapi? Katika Uingereza swali hili lina historia ndefu na majibu mengi. Na kwa kuwa jamaa zetu wengi wanaishi huko, wakifanya kazi hospitalini, viwandani na maofisini, maneno kama ISA, Premium Bonds na pensheni ya kazini yamekuwa yakifika mpaka Nakuru na Malindi kwa njia ya simu. Anayeyasikia huku nyumbani hajui kama nduguye anatajirika au amenaswa. Makala haya yanakusudia kueleza maneno hayo na kujibu maswali yaulizwayo sana, bila ya kumshauri mtu afanye hili au lile, maana hali ya kila mtu yajulikana na mwenyewe.

Kwanza yapasa tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Waingereza wana neno moja la kuweka akiba, na neno jingine la kuzitoa fedha zikafanye kazi mahali ambapo huenda zikaongezeka au zikapungua. Kwa hili la pili siku hizi husemwa kuwekeza. Wazee wetu walisema kutega uchumi, na kwa maoni ya mwandishi neno la wazee ni bora, kwa sababu mtego una ukweli ndani yake: siku moja hunasa, na siku nyingine mwenyewe hukuta umefyatuka na chambo hakipo. Fedha za akiba ni zile ambazo mtu atazikuta kama alivyoziacha, na faida kidogo juu yake. Fedha zilizotegwa hazina ahadi hiyo. Mtu ashikaye tofauti hii amekwisha kuelewa nusu ya mambo yote tutakayoyasema.

AKIBA YA MASKINI

Zamani benki za Uingereza zilikuwa za wenye mali. Mtu hakuweza kufungua hesabu bila kuwa na pauni 10, na katika siku zile pauni 10 zilikuwa mshahara wa miezi mingi kwa mtumishi wa shamba. Katika mwaka 1810 kasisi mmoja wa Uskoti, Henry Duncan, alianzisha katika kijiji cha Ruthwell benki ya akiba ambamo mtu aliweza kuanza kwa senti sita za Kiingereza. Habari zilienea, na benki za namna hiyo zikazuka pande zote za nchi.

Hata hivyo palikuwa na vijiji vingi visivyo na benki yoyote, lakini kila mji ulikuwa na posta. Ndipo katika mwaka 1861, William Gladstone akiwa Waziri wa Fedha, Bunge lilipopitisha sheria ya kuanzisha Benki ya Akiba ya Posta. Karani yule yule auzaye stempu alipokea akiba za watu, na Serikali ikajitia kuwa mdhamini wa kila senti. Mfano huo ulifuatwa katika nchi nyingi. Kenya ilipata benki yake ya akiba ya posta katika mwaka 1910. Katika Uingereza benki hiyo ilitengwa na posta mwaka 1969, na leo kazi yake inafanywa na shirika la Serikali liitwalo NS&I. Sifa yake ya pekee haikubadilika: fedha zote zilizomo hudhaminiwa na Hazina ya Serikali, ziwe nyingi kadiri gani, bila ya mpaka.

Katika vitu vinavyouzwa na shirika hilo, kinachoulizwa zaidi ni Premium Bonds. Hati hizi zilitangazwa na Waziri wa Fedha Harold Macmillan katika mwezi wa Aprili 1956, zikaanza kuuzwa tarehe 1 Novemba mwaka huo, na kura ya kwanza ikapigwa mwezi wa Juni 1957 kwa mtambo uliopewa jina la ERNIE. Maaskofu walinung'unika kwamba Serikali inawafundisha watu kamari, na Harold Wilson wa Upinzani aliidharau akisema ni bahati nasibu chafu. Lakini kuna jambo moja linaloitenga na kamari: mwenye hati hapotezi fedha alizotia. Anachopoteza ni faida tu. Badala ya kila mtu kupewa faida yake, faida zote huwekwa chungu kimoja, na kila mwezi namba huchaguliwa bila mpango na wenye namba hizo hugawiwa zawadi, tangu pauni 25 mpaka pauni milioni moja. Zawadi hazitozwi kodi. Mtu hawezi kushika zaidi ya pauni 50,000.

Je, zina faida? Tuhesabu. Hesabu za mwaka 2025 zilitangazwa wazi: kila pauni moja ilikuwa na nafasi moja katika 22,000 ya kupata zawadi katika mwezi. Basi mwenye pauni 100 ana nafasi 1,200 kwa mwaka, na kwa wastani atangoje zawadi moja muda wa miaka 18 hivi, na aghalabu zawadi hiyo itakuwa ndogo. Mwenye pauni 50,000 hupata zawadi mara nyingi katika mwaka mmoja. Kwa hiyo hati hizi huwafaa zaidi wenye nyingi na wanaotozwa kodi kubwa. Mwenye chache hununua matumaini. Si vibaya kununua matumaini, mradi mtu ajue bei yake.

BENKI IKIANGUKA, FEDHA ZANGU ZI WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba benki huzifungia fedha zao sandukuni zikangoja. Sivyo. Benki huzikopesha kwa wanunuzi wa nyumba na kwa wafanya biashara, ikabakiza kiasi cha kuwatosha wale wanaokuja kuchukua siku kwa siku. Mpango huu huenda vizuri maadam watu wote hawaji siku moja.

Tarehe 14 Septemba 2007 walikuja. Benki iliyoitwa Northern Rock, ya mji wa Newcastle, ilikuwa imekopesha wanunuzi wa nyumba fedha nyingi mno, na sehemu kubwa ya fedha hizo haikutoka katika akiba za watu, bali ilikopwa kutoka kwa mabenki na matajiri wengine kwa muda mfupi mfupi. Mikopo hiyo ya muda ilipokauka, benki ililazimika kuomba msaada kwa Benki Kuu ya Uingereza, na habari ikatangazwa usiku kabla haijawa tayari kutangazwa. Asubuhi mistari ya watu ilizunguka pembe za mitaa. Wazee walileta viti vya kukalia. Wenye busara waliwacheka, lakini waliochekwa ndio waliojua sheria: wakati ule mfuko wa fidia ulilipa pauni 2,000 za kwanza kwa ukamilifu, na katika pauni 33,000 zilizofuata ulilipa sehemu tisa tu katika kumi. Mwenye pauni 60,000 alikuwa na haki kamili ya kusimama mstarini. Mistari haikukatika mpaka tarehe 17, Waziri wa Fedha Alistair Darling alipotangaza kwamba Serikali itadhamini fedha zote. Mwezi wa Februari 2008 benki ikachukuliwa na Serikali.

Sheria ilibadilishwa baada ya hapo, zaidi ya mara moja. Tangu tarehe 1 Desemba 2025 mfuko wa fidia, ujulikanao kwa herufi FSCS, humdhamini kila mwenye akiba hadi pauni 120,000 katika kila benki. Kabla ya hapo mpaka ulikuwa pauni 85,000. Mume na mke wenye hesabu ya pamoja hudhaminiwa kila mmoja kwa sehemu yake. Mtu aliyeuza nyumba yake, akawa na fedha nyingi kwa muda, hupewa udhamini mkubwa zaidi kwa miezi sita.

Walakini pana shimo ambamo wengi huanguka. Udhamini huhesabiwa kwa leseni, wala si kwa jina lililo juu ya mlango. Benki mbili zenye majina mbalimbali na rangi mbalimbali huenda zikawa chini ya leseni moja, kama vile Halifax na Bank of Scotland, na aliyegawa fedha zake kati ya mbili hizo kwa ajili ya usalama hakugawa kitu. Wenye chini ya kiasi kile hawana haja ya kukosa usingizi kwa jambo hili.

Vyama vya kujengea nyumba navyo viko chini ya udhamini huo huo, na msomaji wetu atapendezwa kujua asili yao. Chama cha kwanza kinachojulikana kilianzishwa na Richard Ketley, mwenye nyumba ya wageni iitwayo Golden Cross katika Birmingham, mwaka 1775. Wanachama walitoa fedha kila mwezi, na zilipotosha nyumba moja, mmoja wao alijengewa. Wakaendelea hivyo mpaka wote walipokuwa na nyumba, kisha chama kikavunjwa. Mama yeyote wa Mombasa atautambua mara moja: ni upatu. Tofauti ni kwamba baadaye vyama hivyo viliacha kuvunjwa, vikawa vya kudumu, na kimoja chao, Nationwide, leo ni kikubwa kuliko mabenki mengi. Kadhalika viko vyama vya akiba na mikopo kama vile vyetu, vilivyowekewa sheria mwaka 1979. Mgeni aliyefika karibuni, ambaye benki humdai karatasi asizokuwa nazo bado, mara nyingi hupata msaada huko, na sheria inavizuia visitoze riba ya kupindukia.

MCHWA ASIYEONEKANA

Sasa tuje kwenye hatari ambayo haina mistari barabarani wala haitangazwi usiku. Mtu aweza kuweka fedha zake mahali salama kabisa, zisipungue hata senti moja, na bado akawa maskini zaidi. Jambo hili ni kupanda kwa bei.

Katika mwaka ulioishia Oktoba 2022 bei za vitu katika Uingereza zilipanda kwa asilimia 11.1, kiasi ambacho hakikuonekana kwa miaka 40 hivi. Tuchukue mtu aliyeweka pauni 1,000 kwa faida ya asilimia moja. Mwisho wa mwaka alikuwa na pauni 1,010, na kitabu chake kilionyesha kwamba ameongezewa. Lakini kapu la vitu lililokuwa la pauni 1,000 sasa lilitaka pauni 1,111. Amepungukiwa na pauni 101, wala hakuna aliyemwibia. Mchwa huila nguzo kwa ndani, na rangi ya nje ikabaki inang'aa.

Mfano ulio mrefu zaidi ni ule wa Mkopo wa Vita. Katika mwaka 1917 Serikali ya Uingereza iliwaomba raia wake waikopeshe fedha za vita kwa faida ya asilimia 5. Watu walitoa kwa wingi, maana hati za Serikali zilionekana kuwa salama kuliko kitu chochote. Hata jina lao kwa Kiingereza latokana na karatasi iliyopakwa dhahabu pembeni. Mwaka 1932 faida ilipunguzwa kuwa asilimia 3½, na wenye hati wakaombwa wakubali kwa ajili ya nchi. Wengi walikubali. Mkopo haukuwekewa siku ya kulipwa, nao ulilipwa mwezi wa Machi 2015. Aliyerithi hati ya pauni 100 kwa babu yake alilipwa pauni 100 kamili, na faida ilikuwa imelipwa kila mwaka bila kukosa. Serikali ilitimiza kila neno la ahadi yake. Lakini katika 1917 fedha hizo zilikuwa mshahara wa mwaka kwa kibarua, na katika 2015 zilitosha kununua vyakula vya juma moja au mawili kwa nyumba yenye watoto.

Hii ndiyo sababu Waingereza wengi husema kwamba akiba ya dharura, yaani matumizi ya miezi mitatu hadi sita, iwekwe benki ambapo yaweza kuchukuliwa mara moja, lakini fedha ambazo hazitahitajiwa kwa miaka mingi zisilale hapo. Na kabla ya yote hayo hulipa madeni ya kadi za benki, ambayo riba yake mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka. Hakuna mtego halali ushindao kulipa deni la namna hiyo.

HISA, NA NJIA YA MTU MDOGO

Hisa ni sehemu ya kampuni. Mwenye hisa ni mwenye kampuni, ijapokuwa ni kwa kiasi cha punje ya mtama katika ghala. Kampuni ikifanikiwa, hugawiwa gawio, na bei ya hisa hupanda. Ikiharibikiwa, huenda asipate kitu. Biashara hii katika London ilianzia katika nyumba za kahawa, hasa ile ya Jonathan, na mapema kabisa Waingereza walionja uchungu wake: katika mwaka 1720 hisa za Kampuni ya South Sea zilipanda ajabu, kisha zikaanguka, na watu wa kila cheo wakafilisika.

Mwenye mali nyingi hujilinda kwa kununua hisa za kampuni nyingi, ili moja ikifa nyingine zimtunze. Mwenye pauni 50 atafanyaje? Jibu lilipatikana mwaka 1868, ilipoanzishwa Foreign & Colonial Government Trust. Watu wengi walichanga, na fedha za wote zikatiwa katika mikopo ya serikali za nchi mbalimbali, ili mdogo apate kinga ile ile aipatayo mkubwa. Kampuni hiyo ingalipo. Mwaka 1931 kampuni ya M&G ilileta mfuko wa namna nyingine kutoka Marekani, ambao mtu aweza kuingia na kutoka kwa urahisi zaidi. Siku hizi iko pia mifuko ambayo haina mtaalamu wa kuchagua. Hununua tu hisa zote zilizomo katika orodha fulani, kama ile ya FTSE 100, yaani makampuni 100 makubwa kuliko yote katika Soko la Hisa la London. Orodha hiyo ilianza tarehe 3 Januari 1984 kwa hesabu ya 1,000.

Faida ya kutokuwa na mtaalamu ni bei. Hili ni jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka, basi sisi tutalikalia kidogo. Tuseme mtu anatia pauni 10,000 na kuziacha miaka 30, na kwamba zinakua kwa asilimia 5 kila mwaka kabla ya gharama. Mfuko mmoja unatoza asilimia 0.2 kwa mwaka. Mwisho wake atakuwa na kadiri ya pauni 40,800. Mfuko mwingine unatoza asilimia 1.5, kiasi ambacho masikioni ni kidogo sana. Mwisho wake ni kadiri ya pauni 28,000. Zaidi ya pauni 12,000 zimekwenda kwa wasimamizi, wala hakuna siku hata moja ambayo mtu huyo aliandikiwa hundi ya kulipa.

Je, hisa hupanda siku zote? La, na yeyote asemaye hivyo aepukwe. Katika mwaka 2008 peke yake hesabu ya FTSE 100 ilishuka kwa asilimia 31. Mwisho wa mwaka 1999 ilifungwa kwenye 6,930, na aliyenunua siku hiyo alingoja mpaka Februari 2015 kabla ya kuiona ikipita hapo tena. Ni kweli kwamba katika miaka hiyo 15 alipokea gawio lake, na kwamba aliyekuwa akinunua kidogo kidogo kila mwezi alinunua kwa bei nafuu zilipokuwa chini. Lakini aliyehitaji fedha za karo mwaka 2009 hakufarijiwa na habari hizo. Ndiyo maana husemwa kwamba fedha zitakazohitajiwa kabla ya miaka mitano zisitegwe.

ISA NI KITU GANI?

Wengi husema, "Nina ISA," kana kwamba ISA ni aina ya mali. Afadhali tuifikirie kama kikapu chenye kifuniko. Ndani yake mtu aweza kutia fedha taslimu, au hisa, au mifuko tuliyoitaja; kazi ya kifuniko ni kuzuia mkono wa mtoza kodi. Kikapu hiki kilianza tarehe 6 Aprili 1999. Tangu Aprili 2017 mtu mzima akaaye Uingereza ameruhusiwa kutia hadi pauni 20,000 katika mwaka wa kodi, ambao huanza tarehe 6 Aprili na kwisha tarehe 5 Aprili mwaka ufuatao. Nafasi isiyotumiwa hupotea. Katika mwezi wa Novemba 2025 Serikali ilitangaza kwamba tangu Aprili 2027 wenye umri wa chini ya miaka 65 hawataruhusiwa kutia zaidi ya pauni 12,000 za hizo katika ISA ya fedha taslimu. Kusudi ni kuwavuta watu kwenye hisa.

Je, mwenye akiba ndogo anaihitaji? Tangu mwaka 2016 mlipa kodi wa kiwango cha kawaida haulizwi kodi juu ya pauni 1,000 za kwanza za faida ya benki. Kwa faida ya asilimia 4 hana budi kuwa na zaidi ya pauni 25,000 kabla kodi haijamgusa. Wengi wa jamaa zetu hawajafika hapo, na kwao yafaa watazame benki ipi inatoa faida kubwa, ikiwa ni ISA au si ISA.

Iko ISA ya namna nyingine, ya maisha, iliyoanza Aprili 2017 kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 39. Mtu hutia hadi pauni 4,000 kwa mwaka, na Serikali humwongezea robo: akitia 4,000 atakuta 5,000. Lakini fedha hizo ni za kununua nyumba ya kwanza isiyozidi pauni 450,000, au za kungojea umri wa miaka 60. Akizitoa kwa sababu nyingine, isipokuwa ugonjwa wa mauti, hukatwa asilimia 25 ya zote. Robo ya 5,000 ni 1,250. Atabaki na 3,750. Maana yake hakurudisha zawadi tu, bali amelipa pauni 250 zake mwenyewe. Anayefikiri kurudi Kenya kujenga asiingie mlango huu bila kufikiri, kwa maana nyumba ya Kitengela au Kilifi haihesabiwi. Sheria yataka nyumba iliyoko Uingereza.

Na aliyehama? Akisha kutoka Uingereza asiwe mkazi tena, hawezi kuongeza fedha katika ISA, lakini zilizomo hubaki zake na kifuniko hukaa mahali pake. Ajue tu kwamba kifuniko hicho ni cha sheria ya Uingereza. Mtoza kodi wa nchi aliyokwenda ana sheria zake.

PENSHENI YA KAZINI

Tangu Oktoba 2012 waajiri wa Uingereza walianza kulazimishwa, wakubwa kwanza, kuwaandikisha wafanyi kazi wao katika pensheni bila kungoja kuombwa, ikiwa mtu ana miaka 22 au zaidi na hajafikia umri wa pensheni ya Serikali, na mshahara wake unapita pauni 10,000 kwa mwaka. Tangu Aprili 2019 kiasi cha chini ni asilimia 8 ya sehemu ya mshahara iliyowekwa na sheria. Katika kila pauni 8, nne hutoka mfukoni mwa mfanyi kazi, moja ni kodi ambayo Serikali imemwachia, na tatu hutoka kwa mwajiri. Ametoa nne, zimeingia nane.

Mtu aweza kujitoa, na baadhi ya jamaa zetu hujitoa, kwa sababu mshahara ni mdogo na nyumbani kuna wanaongoja. Haifai kuwalaumu. Ila wajue wanachokiacha: zile tatu za mwajiri hawapewi kwa njia nyingine. Wala pensheni hii haipotei mtu akirudi kwao. Humngoja mpaka umri wa miaka 55, na tangu mwaka 2028 miaka 57. Inayopotea ni ile iliyosahauliwa, ya kazi ya miezi minane katika mji ambao mtu hakumbuki tena jina la mtaa wake. Barua za pensheni zihifadhiwe kama hati za shamba.

WASIOTAKA RIBA

Swali hili huulizwa sana na Waislamu wa pwani. Katika mwaka 2004 ilifunguliwa katika Birmingham Benki ya Kiislamu ya Uingereza, ambayo tangu 2014 huitwa Al Rayan Bank. Haitoi riba, bali hufanya biashara kwa fedha za wenye akiba na kuwagawia faida, ikitangaza kiasi inachotarajia bila ya kukiahidi. Nayo imo katika udhamini wa mfuko wa fidia kama nyingine. Mwaka huo huo wa 2014 Serikali ya Uingereza yenyewe ilitoa hati za sukuk za pauni milioni 200, ikawa ya kwanza kufanya hivyo nje ya nchi za Kiislamu. Juu ya Premium Bonds hapana haja ya sisi kutoa fatwa. Aulizwe mwenye elimu.

WADANGANYIFU

Kampuni ya London Capital & Finance iliwaahidi watu faida ya hadi asilimia 8 kwa mwaka, wakati benki zilikuwa zikitoa moja au mbili. Matangazo yake yalitumia jina la ISA, ingawa hati zake hazikustahili kuwamo ndani ya ISA. Kampuni yenyewe ilikuwa na ruhusa ya wasimamizi wa fedha, ambao hujulikana kwa herufi FCA, lakini hati zile hazikuwa chini ya usimamizi huo, na watu waliosoma neno "ruhusa" hawakusoma zaidi. Ilianguka Januari 2019, ikiwa na pauni milioni 237 za watu 11,600 hivi, wengi wao wazee waliokuwa wakiweka akiba kwa mara ya kwanza nje ya benki. Serikali iliwalipa sehemu tu ya hasara, na hilo lilitokea kwa sababu wasimamizi wenyewe walionekana kuwa wamelala.

FCA huweka daftari la makampuni yaliyoruhusiwa, na mtu yeyote aweza kulitazama bila malipo. Linatazamwa kabla ya kutoa fedha. Na haitoshi kutafuta jina la kampuni. Itafutwe pia ile kazi inayotaka kufanya, kama imeruhusiwa. Namba ya simu ichukuliwe katika daftari, isichukuliwe kwa mtu aliyepiga simu, maana wadanganyifu huiba hata majina ya makampuni ya kweli.

FEDHA ZA MTOTO ZISIZOJULIKANA

Jambo la mwisho lawahusu wazazi waliozaa Uingereza. Kila mtoto aliyezaliwa kati ya tarehe 1 Septemba 2002 na tarehe 2 Januari 2011, ambaye mzazi wake alipokea posho ya watoto ya Serikali, alifunguliwa hesabu iitwayo Child Trust Fund, na Serikali ikatia, kwa watoto wengi, pauni 250 za kuanzia. Mzazi asipochagua benki, Serikali ilichagua yenyewe. Familia nyingi zilihama nyumba, nyingine zikarudi Afrika, na barua zikaenda mahali ambapo hawapo tena. Tangu Septemba 2020 watoto hao wamekuwa wakitimiza miaka 18, na fedha kuwa zao, lakini mamia ya maelfu ya hesabu hayajaulizwa na mtu.

Mwenye hesabu akiwa na miaka 16 au zaidi aweza kuitafuta mwenyewe. Huandika kwa idara ya kodi ya Uingereza, iitwayo HMRC, kwa njia ya intaneti, akitaja jina lake, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya bima ya taifa. Idara humjibu ni kampuni gani iliyoshika fedha zake. Kazi hiyo haina malipo. Wako mawakala wanaojitolea kuifanya kisha wakakata sehemu ya fedha za kijana, na hawafanyi lolote ila kujaza fomu ile ile.